Kizibao cha Durban

Nionyeshe gari na nafasi ya kuliegesha, na kabla dereva hajagusa gia nitakuambia kama litaingia au halitaingia. Sihitaji kupima. Naangalia magurudumu ya mbele, kisha naangalia mabega ya dereva. Dereva mwoga huyapandisha mabega hadi karibu na masikio, na huyo unamwita polepole kwa kiganja, kama unavyomwita mtoto anayejifunza kutembea. Dereva mwenye majivuno huweka kiwiko dirishani na kuangalia kwingine, na huyo ndiye atakayegonga nguzo. Kazi hiyo niliifanya Durban kwa miaka sita, katika uwanja wa maegesho wa maduka fulani, mitaa miwili kutoka baharini, na kwa miaka yote sita hakuna gari lililoibwa kwenye mistari yangu mitatu. Hata moja. Nayasema haya leo kwa kinywa kipana kwa sababu hapa Birmingham niliyaficha kwa miaka tisa.

Kabla ya Durban nilikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu. Najua watu wanavyoipenda hadithi ya namna hiyo: mwalimu wa watu, vita vikamfukuza, akaishia kulinda magari ya wenye nazo juani. Wakiisikia huinamisha kichwa upande na kunionea huruma, na huruma hiyo hunichemsha damu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwalimu wa kawaida tu. Wanafunzi wangu walisinzia. Nilipowapa mgongo kuandika ubaoni niliwasikia wakipiga miayo, na nilipogeuka kuwatazama hata mimi nilipiga. Kuna watu waliozaliwa kufundisha, na mimi si mmoja wao. Lakini kwenye magari, ndugu yangu, nilikuwa bingwa.

Nilifika Durban na begi moja na anwani ya mtu wa kwetu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa akiishi na wenzake watano kwenye ghorofa la zamani karibu na bahari, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia. Asubuhi ya pili aliniamsha, akanirushia kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, akaniambia nimfuate. Niliuliza ni kazi gani. Akanijibu, "Ni ya kusimama." Nilicheka. Jioni, miguu ikiwa imevimba hadi viatu vinakataa kuvulika, sikucheka tena.

Kumbe kusimama ndiyo sehemu ndogo. Mlinzi wa magari hana bunduki, wala hana mamlaka ya kumkamata mtu. Ana macho na kumbukumbu. Lazima ujue nani ameshuka kwenye gari lipi, amevaa nini, anatembeaje, ili akirudi mwingine badala yake ushtuke. Siku moja bwana mmoja nadhifu, mwenye tai, alikwenda moja kwa moja kwenye gari jeupe la mstari wangu wa kati, akachomeka ufunguo, na mlango ukafunguka. Mtu mwingine angempungia mkono wa kwaheri. Lakini mwenye gari lile nilikuwa nimemwona akishuka, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ya hospitali. Nilisimama nyuma ya gari, katikati kabisa, nikamsalimia yule bwana kwa tabasamu langu zuri, "Sawubona, baba," nikamwomba tumsubiri mwenye mkono mbovu. Alinitazama, akatazama saa yake, akaondoka bila haraka. Ufunguo aliuacha mlangoni. Mwenye gari alipotoka dukani nilimkabidhi, akaketi ukingoni mwa njia na mifuko yake kwa muda mrefu.

Upepo wa pale ulikuwa unakula sauti, kwa hiyo sisi walinzi tulizungumza kwa mikono. Vidole ukiviinua, unamwambia mwenzako wa mstari mwingine una nafasi ngapi: kimoja, viwili, vinne. Ngumi juu, maana yake kwangu pamejaa, usinitumie mtu. Ukishika sikio, maana yake dereva huyu hasikii la mtu, jihadhari naye. Sijui nani alizianzisha ishara hizo. Walinzi wengi tulikuwa Wakongo, na nilisikia kwamba Johannesburg na Cape Town walikuwa nazo pia, kwa kuwa watu wetu walihama mji hadi mji wakitafuta penye nafuu na kuzibeba mikononi.

Mwaka wa pili mke wangu alinifuata, na katika lile ghorofa la mapazia ndipo binti yetu alipozaliwa. Wakati huo nilikwishapata wateja wa kudumu, na wa kwanza wao alikuwa bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, mwembamba, mwenye gari dogo jekundu. Kila mtu pale uwanjani alimwita Aunty, nami nikamwita hivyohivyo. Aunty hakuweza kurudi kinyumenyume. Akiweka gia ya rivasi alikuwa akifumba macho, nakuapia. Nikamwambia aachane na vioo, asitazame kitu kingine chochote, atazame mkono wangu tu. Kwa miaka sita hakutazama kingine. Mtoto alipozaliwa alipanda ngazi zote zile na sufuria ya biriani na blanketi, akaketi nyuma ya pazia letu kama shangazi wa damu.

Kisha zikaja zile siku za kufukuzwa wageni. Sitazieleza sana, wanaozijua wanazijua. Tulilala kwenye mahema katika uwanja wa michezo, mimi, mke wangu na mtoto. Siku ya tatu lile gari dogo jekundu lilifika langoni. Aunty alikuwa amejaza mikate hadi dirishani. Hakuliegesha. Alikaa ndani, injini ikinguruma, magari ya nyuma yakimpigia honi, mpaka mtu alipokuja kuniita. Akaninyooshea kidole nafasi iliyokuwa kati ya mahema mawili. Nikasimama, nikainua mkono, nikamwingiza, na watu wa mahemani wakapiga makofi. Sikuwa na nyumba siku ile wala sikuwa na kazi, lakini mji mzima kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kuegesha gari bila mimi. Nilijisikia mtu.

Kutoka kwenye mahema ndiko zilikoanza karatasi za ukimbizi, mahojiano na picha za vifua, na mwisho wake ukawa Birmingham. Mke wangu alipokuwa akifunga masanduku nilimwona anakikunja kizibao. Kilikuwa kimepauka mabegani, na mgongoni kilikuwa na maneno mawili makubwa ya Kiingereza, mlinzi wa magari, na chini yake jina la mji, Durban. Nilimwambia akiache.

"Ile kazi njo ilitulishaka," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, yaani ndiyo iliyotulisha. "Haitabakia hapa."

Tulipewa nyumba Great Barr, karibu na barabara kuu ya M6, na hadi leo mvumo wa magari yale hunibembeleza usingizi kuliko dawa yoyote. Wiki ya tatu tulikwenda Sparkhill kununua unga na samaki wakavu. Pale Stratford Road kulikuwa na mtu anahangaika kurudisha gari lake kubwa kati ya gari jingine na debe la takataka, mabasi mawili yakimsubiri. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nilimwingiza vizuri kabisa, inchi kwa inchi, nikagonga paa mara mbili kumwambia basi, inatosha, nikasimama kando ya dirisha na kiganja kifuani, yaani nenda dukani, mimi nipo. Yule mtu alifunga milango yote. Tulitazamana kupitia kioo. Baadaye alishusha dirisha kidogo tu, akaniuliza kama mimi ni wa halmashauri na kama nimekuja kumtoza faini. Mke wangu alicheka ndani ya basi kutoka pale hadi mjini. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, gari likirudi nyuma mbele yangu, niliweka mikono mfukoni.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani kwa mara ya kwanza. Ni kanisa la watu wa kwetu, Wakongo wengi na Wakenya kadhaa, na lina desturi yake: mgeni husimamishwa mbele na kuulizwa ametoka wapi na alikuwa akifanya kazi gani. Anayeuliza ni mzee wa kanisa, mtu wa Uvira, mrefu, mwenye suti za kijivu na sauti ya kutoa hukumu. Aliniuliza. Nilitazama zile suti na vilemba, nikasema, "Mwalimu."

"Mwalimu," akawatangazia wote. "Ametoka Durban, alikuwa anafundisha kule." Kisha akarekebisha tai. "Miye mwenyewe South nilikuwa Pretoria, kwenye mambo ya magari."

Ningeweza kumsahihisha. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Lakini nilishapata picha ya mzee huyu katika duka la magari lenye vioo, magari mapya yakiwa yamepangwa nyuma yake, na nikaona aibu. Nikakaa. Kuanzia hapo nikawa Mwalimu. Binti yetu, aliyetoka Durban na miaka minne, alikua akijua kwamba baba yake alifundisha Afrika Kusini. Kizibao kilikaa chini kabisa ya sanduku. Kazi niliyopata hapa ni ya kutunza wazee katika nyumba yao, kazi nzuri, naipenda. Lakini ile niliyokuwa bora kupita wote ndiyo niliyoizika, na niliizika mwenyewe.

Kanisa letu halina jengo. Tulianza juu ya duka la vitambaa hapohapo Sparkhill, ngoma zetu zikishindana na mabasi. Tukahamia ukumbi wa shule, tukaondolewa. Tukapata ukumbi mwingine, ukageuzwa mahali pa mazoezi ya viungo. Wa nne ndio huu tulio nao sasa, Longbridge, upande ule ambako zamani palikuwa na kiwanda cha magari na sasa kuna maduka na nyumba mpya. Ni ukumbi mzuri, una jiko, una joto. Lakini uwanja wake wa maegesho ni mdogo, na katikati yake inapita njia moja tu, ambayo ndiyo hiyohiyo ya kwendea kwenye nyumba za wazee zilizo nyuma.

Msimamizi wa ukumbi ni mama wa Kiingereza, mpole, ambaye sisi tunamwita Mama Funguo kwa ajili ya ule mtungo anaoning'iniza shingoni. Mara ya kwanza njia ilipozibwa alikuja kutuambia kwa tabasamu. Mara ya pili muuguzi mmoja Mkenya wa kanisani kwetu alifungiwa ndani na magari matatu. Namkumbuka akizunguka ibadani, bega hadi bega, ananong'ona, "Mwalimu, si unisaidie kutafuta mwenye ile gari ya blue? Niko na shift saa tisa na nimeblokiwa kabisa." Siku hiyohiyo basi dogo linalowarudisha wazee wa nyuma kutoka kwenye chakula chao cha mchana lilikwama nje, na wazee wakakaa ndani yake robo saa nzima wakitutazama. Safari hiyo Mama Funguo hakutabasamu. Alimwambia mzee wa kanisa kwamba njia ikizibwa mara moja zaidi, turudishe ufunguo.

Na mbele yetu kulikuwa na harusi.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua harusi zetu. Bibi harusi haji peke yake. Anakuja na msafara, magari yamefungwa riboni, taa zinawakawaka, honi zinalia, na sheria ya msafara ni moja: haukatwi. Gari la pili linafuata la kwanza, la tatu linafuata la pili, na dereva anayekubali kupitwa katikati anaonekana hampendi bibi harusi. Sasa chukua magari ishirini na tano yenye sheria hiyo, kutoka Manchester, Leicester na London, uyaingize pua kwa mkia katika njia yenye mlango mmoja. Hakuna watu wengine duniani wanaoweza kujifunga wenyewe vizuri namna hiyo. Basi la wazee lilikuwa linarudi saa nane.

Saa saba na nusu nilikuwa nimesimama mlangoni, suti mpya, mikono mfukoni, mvua ikinyunya. Kamati ilikuwa imechagua vijana watatu wa kuongoza magari, wote wamependeza, wote wanapiga picha. Nikausikia msafara kabla sijauona. Gari la bibi harusi liliingia, likasimama mlangoni pa ukumbi, na nyuma yake yote yakasimama. Njia ilijaa hadi barabarani. Waliobeba sufuria za sombe, yaani kisamvu, na wali wakafungua milango palepale walipokuwa, maana kwetu aliyebeba chakula haambiwi aegeshe mbali. Dirishani kwake niliona uso wa Mama Funguo.

Nilitoa mikono mfukoni. Nilikwenda kwenye gari la tano, jeusi, kubwa, ambalo likirudi mita tatu tu kwenye upenyo wa pembeni lingefungua njia ya kuzunguka ukumbi. Niliinua kiganja. Dereva akashusha kioo.

"Weye njo nani?" aliuliza. "Miye niko mjomba ya bwana arusi."

"Naomba urudi nyuma kidogo, papa," nilisema, yaani baba.

"Siwezi kurudi. Niko nyuma ya bibi arusi."

Akapandisha kioo. Wa sita alinicheka. Wa saba alinikabidhi sufuria, akidhani nimetumwa kupokea chakula. Nilisimama na ile sufuria ya moto mikononi, na nitasema wazi nilivyojisikia: nilikasirika hadi macho yakauma. Niliona kila kitu. Nilijua gari lipi liondoke kwanza na lipi la mwisho. Na hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu nilikuwa mgeni mwingine tu mwenye suti.

Mke wangu alikuja akaichukua sufuria, akaiweka chini. Yeye hapendi kubishana, hufungasha. Aliingiza mkono katika mkoba wake mkubwa, chini ya kitenge cha zawadi, akatoa kizibao cha rangi ya chungwa. Alikuwa amekipiga pasi.

"Vaa gilet yako," alisema.

"Watasoma mgongo."

"Basi wasome."

Nilitazama mlangoni. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama pale na suti yake ya kijivu, anaangalia njia iliyoziba kama mtu anayeangalia nyumba ikiungua. Binti yetu alikuwa kando yake na simu mkononi. Nilijua kwamba nikikivaa siwezi kukivua tena. Saa nane kasorobo. Nikakivaa juu ya suti.

Kizibao kina jambo moja la ajabu. Hakina ukoo wala cheo, na kwa sababu hiyo hakuna mjomba wa bwana harusi anayebishana nacho. Nilirudi kwenye lile gari jeusi, nikagonga paa mara mbili, nikainua mkono. Likarudi mita tatu. Nikamwendea dereva wa bibi harusi, nikamwambia asiegeshe, azunguke ukumbi mara moja, polepole, honi zote zilie. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni heshima ya bibi harusi. Basi msafara wote, kwa kuwa haukatwi, ukamfuata. Walipozunguka nyuma ya ukumbi niliwapokea mmoja mmoja, nikawaingiza kuanzia ndani kwenda nje, aliyetangulia ukutani, anayefuata ubavuni mwake, kiganja kwa kiganja. Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Walidhani ni sehemu ya sherehe, na hadi leo kuna wanaosimulia jinsi harusi ile ilivyopangwa vizuri.

Tatizo likawa upande wa pili. Uwanja umepinda kama kiwiko, na nikiwa huku sikuweza kuona kule, wala vijana wa kamati hawakujua la kufanya. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, niligeuka na kuinua vidole vitatu hewani: kwangu zimebaki tatu. Nilikuwa naongea na Durban. Hapakuwa na mtu wa kunijibu.

Mtu akanijibu. Kwenye kona, mvuani, ngumi ilipanda juu, imara, kiwiko kimenyooka kama tulivyofanya sisi: kwangu pamejaa. Mkono ulikuwa wa suti ya kijivu.

Nilimkodolea macho. Mzee wa kanisa hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamwingiza dereva wa London kinyumenyume katika nafasi ambayo mimi mwenyewe ningeifikiria mara mbili, anarudi nyuma hatua kwa hatua, mabega yamelegea, kiganja kinaliita gari kwa upole ambao hauigizwi. Alipomaliza aligonga paa mara mbili. Kisha lilikuja gari lililokuwa na kiwiko dirishani, na mzee wetu, mtu wa hukumu na mahubiri, akanitazama kutoka mbali na kushika sikio lake.

Nilicheka hadi nikashika nguzo. Kwa dakika kumi tuliufanya uwanja ule kama watu waliokulia pamoja, hatukusemezana neno. Basi dogo la wazee lilipofika, njia ilikuwa nyeupe tangu barabarani hadi nyuma. Lilipita taratibu, na bibi mmoja wa Kiingereza dirishani alinipungia mkono. Nikaweka kiganja kifuani. Mama Funguo alitoka nje na mwavuli, akatazama magari yale yaliyopangwa kama vitabu, akanitazama mimi, akaniuliza kama ninaweza kufanya hivyo kila Jumapili. Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi yangu.

Mzee alikuja akasimama karibu nami, maji yakimchuruzika kichwani.

"Pretoria," alisema. "Miaka tano. Nyuma ya supermarket."

"Ulisema mambo ya magari, Mzee."

"Hazikuwa magari?"

Ndani watu walikuwa wameanza kuimba, na sisi tuliendelea kusimama, kwa sababu mlinzi haondoki mpaka gari la mwisho limezimwa.

Binti yetu alinijia wakati wa keki. Yeye huelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, ndivyo tunavyoishi. Alikuwa amesoma mgongo wangu. Aliniuliza kama ni kweli nilikuwa mwalimu Durban, nikamwambia hapana, Bukavu tu. Nikangoja anune. Akasema anakikumbuka kitu hicho cha rangi ya chungwa, kilikuwa kinaning'inia kwenye pazia, alikuwa akikinusa kwa sababu kilinukia jua, na siku zote alidhani aliota. Kisha akaniuliza kama nilikuwa mwalimu mzuri.

"Wa kawaida," nilisema.

"Na hii?"

Nikamwambia kuhusu mistari yangu mitatu. Nikamwambia kuhusu plasta ya mkono, Aunty na mahema. Nilizungumza hadi keki ikaisha, na sikumbuki lini tena katika maisha yangu nimejisifu namna ile bila kukatizwa.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na wageni kanisani, mtu na mkewe na watoto wawili, ndio kwanza wametoka Johannesburg. Nilikuwa nimetoka uwanjani, kizibao bado mwilini, nikakaa benchi la nyuma, mikono mfukoni kwa baridi. Walisimamishwa mbele kama desturi. Mzee akamuuliza yule bwana kule Johannesburg alikuwa anafanya kazi gani.

Mgeni akasita. Nakujua kusita kule. Aliangalia suti, akaangalia vilemba, na mabega yake yakapanda hadi karibu na masikio.

Mzee hakumngoja ajibu. Aliweka chini karatasi ya matangazo, akarekebisha tai.

"Miye hapa," alisema, "nimelindaka magari Pretoria, miaka tano." Muuguzi wetu Mkenya aligeuza shingo kunitazama. "Na yule pale nyuma, yule mwenye gilet, njo mulinzi wetu. Amelindaka Durban miaka sita, na hata gari moja haikupotea." Alifikiri kidogo. "Alifundishaka pia, kidogo."

Watu walicheka, mke wangu zaidi ya wote. Mgeni alikuwa amegeuka, ananitafuta kwa macho. Benchi letu lilikuwa na nafasi. Nilitoa mkono mfukoni, nikainua vidole vinne, na nikaona mabega yake yanashuka kabla hajaanza kutembea.